Njia Zinazoandikwa kwa Mkono: Uchambuzi wa Swichi Baina ya Handeni na Korogwe

Mji wa Korogwe umekaa kando ya Mto Pangani, juu ya reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 na kufika Moshi mwaka 1911, na juu ya barabara kuu itokayo Segera kwenda Mombo, Same na Moshi; ilhali mji wa Handeni, ulio mwendo wa kilomita 65 upande wa kusini-magharibi, haukupata kuonana na reli hiyo, na leo hutegemea barabara mbili za lami, moja ya kwenda Korogwe, na ya pili, ya kilomita 54, ya kwenda Mkata, ambako mtu hukutana na barabara kuu ya Chalinze na Segera. Tofauti hii, ambayo msafiri na mfanyabiashara wameijua tangu zamani, sasa imekuwa ni jambo la fundi wa mitandao vilevile, maana nyaya za mawasiliano aghalabu hulazwa kandokando ya barabara, na minara ya redio husimamishwa mahali panapofikika kwa gari, hata umbo la mtandao wa ofisi likafuata umbo la nchi. Na swali ninalotaka kulichambua limo ndani ya umbo hilo: je, swichi iliyowekwa Handeni iandikiwe njia zake moja moja kwa mkono wa mtu, au iachwe ijifunze yenyewe kwa kusemezana na wenzake?

Sehemu hizi mbili zina halmashauri nne, mbili za wilaya na mbili za mji, kila moja ikiwa na ofisi zake, zahanati zake, shule zake na watumishi wake wa TEHAMA. Na tangu ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano uanze mwaka 2009, kazi nyingi ambazo zamani zilikwenda kwa barua na jalada zimekuwa zikihamia katika mashine, kama ilivyo kwa mfumo wa GoTHOMIS katika vituo vya afya. Korogwe kuna hospitali ya Magunga, na kuna kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) ambacho kilikuwa miongoni mwa vituo 11, katika nchi 7 za Afrika, vilivyofanya majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S yaliyoanza mwaka 2009. Mahali ambapo habari za mtoto mgonjwa hutoka kijijini kwenda maabara, na kutoka maabara kwenda mbali zaidi, suala la pakiti ipite njia gani ni suala la amana, na mtu aliyekabidhiwa swichi amekabidhiwa amana hiyo hata kama hajapata kumwona mgonjwa.

Swichi ya kawaida, ile inayonunuliwa na kuchomekwa bila kuulizwa neno, hufahamu tu mashine zilizoungwa kwayo, nayo hupeleka ujumbe kwa kutazama anwani za vifaa vyenyewe. Swichi inayosimamiwa huzidi hapo: yaweza kugawanywa katika mitandao midogo iitwayo VLAN, ambayo kwa kanuni ya 802.1Q iliyotolewa mwaka 1998 yaweza kufika 4094, hata mashine za uhasibu zisionane na kamera za ulinzi ingawa waya zao zimeingia katika kisanduku kimoja. Lakini mitandao ikishatenganishwa, sharti apatikane wa kuipatanisha, na hiyo ndiyo kazi ya tabaka la tatu, tabaka la anwani za IP. Swichi yenye uwezo wa tabaka la tatu huwekewa anwani ndani ya kila VLAN, na kwa anwani hizo huitambua mitandao inayoigusa yenyewe bila kufundishwa. Ile isiyoigusa haiijui hata kidogo. Na pakiti iendayo kwa mtandao isioujua huitupa.

Hapa ndipo njia tuli, yaani ile iandikwayo kwa mkono, inapoingia. Tuchukue mfano wa taasisi moja yenye ofisi Handeni na Korogwe, ambayo imejipangia anwani katika fungu la 10.0.0.0, mojawapo ya mafungu matatu yaliyotengwa kwa matumizi ya ndani ya taasisi. Handeni ipewe 10.61.0.0/16, Korogwe ipewe 10.62.0.0/16, na waya unaoziunganisha upewe fungu dogo la anwani mbili, 10.255.0.1 upande wa Handeni na 10.255.0.2 upande wa Korogwe. Fundi aliyeketi mbele ya swichi ya Cisco ya Handeni ataandika “ip routing”, kwa kuwa swichi nyingi za aina hiyo hazianzi kazi ya tabaka la tatu mpaka ziamriwe, kisha ataandika “ip route 10.62.0.0 255.255.0.0 10.255.0.2”, maana yake ikiwa kwamba kila kitu kiendacho Korogwe kikabidhiwe yule jirani mwenye anwani ya mwisho. Amri hiyo haisemi Korogwe iko umbali gani, wala haisemi nini kitatokea baada ya makabidhiano. Humtaja jirani mmoja tu, na humwamini.

Amri ni fupi, na ufupi wake ndio unaowadanganya wengi wakadhani kazi imekwisha. Kazi haijafika hata nusu, kwa sababu mazungumzo ya mashine yana kwenda na kurudi, na njia iliyoandikwa Handeni ni ya kwenda tu. Karani wa Handeni mwenye mashine ya 10.61.20.15 akiomba habari kutoka seva ya Korogwe yenye 10.62.10.5, ombi lake litafika salama, seva italisoma na kulijibu, na jibu litaikuta swichi ya Korogwe ambayo haikuandikiwa kwamba 10.61.0.0 iko upande gani. Iwapo swichi hiyo ina njia ya jumla ya kuelekea Dar es Salaam, itamtuma yule mjumbe Dar es Salaam, na huko atatupwa, maana anwani za ndani hazina makao katika intaneti. Karani ataona kioo kisichojibu na kusema mtandao umekufa. Fundi ataona ya kwamba njia imeandikwa vema na kusema mtandao ni mzima. Nao wote wawili watakuwa wamesema kweli kwa kadiri ya wanachokiona.

Shida hii huzidishwa na kipimo chenyewe ambacho fundi hukimbilia kwanza. Akiwa ndani ya swichi ya Handeni akaandika “ping 10.62.10.5”, swichi hutia katika pakiti anwani ya mlango inaotokea, yaani 10.255.0.1, anwani ambayo Korogwe huijua bila kuandikiwa kwa kuwa iko mwisho wa waya ule ule. Jibu litarudi, fundi ataridhika, na karani ataendelea kuteseka. Kipimo cha haki ni kile kinachofanywa kutoka katika mashine ya karani mwenyewe, au kwa kuiamuru swichi ivae anwani ya VLAN ya karani inapouliza. Ndiyo maana mimi hushikilia kwamba njia tuli ziandikwe kwa jozi na zipimwe kwa jozi, na ya kuwa mtu wa Handeni asiiguse swichi yake pasipo mwenzake wa Korogwe kuwa na habari.

Katika kuchagua njia, swichi haitazami ni ipi iliyoandikwa kwanza, bali ni ipi iliyo mahususi zaidi. Njia ya 10.62.10.0/24 huishinda ya 10.62.0.0/16, nayo hii huishinda ile ya jumla ya 0.0.0.0/0 ambayo hukubali kila kisichotajwa. Nguvu ya kanuni hii ilionekana na dunia nzima tarehe 24 Februari 2008, siku ambayo shirika la simu la Pakistan, katika kutekeleza amri ya kuuzuia mtandao wa YouTube ndani ya nchi yake, lilitoa tangazo la njia ya /24 likavuja nje, na kwa kuwa YouTube wenyewe walikuwa wamejitangaza kwa /22, tangazo lile finyu likashinda, na watazamaji wa mabara mengine wakapotelewa na YouTube kwa takriban saa mbili. Ofisi ya Handeni haina uwezo wa kuidhuru dunia kiasi hicho, lakini ndani ya mipaka yake kanuni ni ile ile: mtu akiongeza njia finyu kwa jaribio la siku moja kisha akaisahau, itaendelea kuzishinda njia zote zilizo sahihi.

Kutokana na kanuni hiyo hupatikana faida kubwa kwa mwenye kupanga anwani mapema. Aliyeipa Handeni fungu moja zima na Korogwe fungu jingine zima anahitaji mstari mmoja tu kila upande, hata kama ndani ya kila mji zitazaliwa VLAN mpya kila mwaka. Aliyegawa anwani ovyo, leo chache hapa na kesho chache kule, atalazimika kuandika mstari kwa kila VLAN, na huenda akagonga ukuta wa kifaa chenyewe: swichi za Cisco za aina ya Catalyst 2960 zenye leseni ya LAN Base, mathalan, hukubali njia tuli 16 tu, na hata hizo hazipatikani mpaka fundi aandike “sdm prefer lanbase-routing” na kuiwasha swichi upya. Kwa mwenye mpango mzuri 16 ni nyingi kupita haja. Kwa asiye na mpango zitakwisha kabla ya mwaka.

Lakini muhtasari huo wa anwani nao una hatari yake, ambayo sioni ikisemwa vya kutosha. Tuseme swichi ya Handeni ina pia njia ya jumla inayopeleka kila kisichojulikana Korogwe, na Korogwe ina mstari usemao kwamba 10.61.0.0/16 yote iko Handeni. Sasa mashine yoyote ikiita anwani ya 10.61.99.5, ambayo haijapewa mtu, Handeni itasema siijui, nenda Korogwe. Korogwe itasema huyo ni wa Handeni, rudi. Na pakiti itakwenda na kurudi juu ya waya ule ule mpaka hesabu ya uhai wake iishe, hesabu ambayo kwa mashine nyingi za Windows huanza na 128 na kwa za Linux na 64. Pakiti moja hugeuka kuwa safari mia, na kirusi cha kompyuta, ambacho desturi yake ni kubisha hodi katika kila anwani ya mtaa, chaweza kwa njia hiyo kuujaza waya mwembamba hata kazi halali zikakosa nafasi. Dawa yake ni mstari mmoja upande wa Handeni, “ip route 10.61.0.0 255.255.0.0 Null0”, ambao huamuru kila kilicho cha fungu la Handeni lakini hakina VLAN yake kitupwe papo hapo. Kwa kuwa VLAN zilizo hai zina njia finyu zaidi, hazidhuriki hata kidogo.

Sasa turudi katika zile barabara mbili. Tuseme taasisi yetu imepata mawasiliano ya pili, ya redio, kwa kupitia Mkata na Segera, yenye anwani ya 10.255.0.6 upande wa Korogwe. Busara ya kuwa na mbili haina haja ya kutetewa katika mkoa huu wa Tanga, ambao mvua za Oktoba 2019 ziliuathiri vibaya, Handeni na Korogwe zikiwa miongoni mwa sehemu zilizoumia. Njia ya pili huandikwa kama ya kwanza, isipokuwa mwishoni huongezwa tarakimu ya daraja: “ip route 10.62.0.0 255.255.0.0 10.255.0.6 200”. Swichi huipendelea njia yenye tarakimu ndogo, na kwa kuwa njia tuli isiyotajiwa daraja huwa na 1, ile ya 200 hukaa kando ikingoja, isionekane katika orodha ya njia zinazotumika mpaka ile ya kwanza iondoke. Ni tadbiri nzuri, rahisi, isiyodai leseni ya ziada. Fundi aangalie tu kwamba tarakimu hizi si sheria ya ulimwengu, bali kila mtengenezaji ana zake: kwa Cisco njia tuli ni 1 na OSPF, mojawapo ya itifaki za kujifunza njia, ni 110, kwa Huawei njia tuli ni 60 na OSPF ni 10, kwa Juniper njia tuli ni 5. Katika nchi yetu, ambamo vifaa vya watengenezaji mbalimbali hukaa katika kabati moja kwa sababu kila mradi ulikuja na vya kwake, mtu aliyezoea Cisco aweza kuandika njia tuli katika Huawei akiwa na yakini kwamba itashinda, na isishinde.

Walakini tadbiri hiyo imesimama juu ya neno moja, nalo ni “ile ya kwanza iondoke”. Njia tuli huondoka wakati gani? Huondoka poti yake inapozimika. Ikiwa waya wa faiba umetoka swichi hadi swichi pasipo kitu katikati, kukatika kwake huzima poti za pande zote mbili, na njia ya akiba huchukua zamu mara moja. Ikiwa katikati pana mtambo wa redio, au kifaa cha kubadili faiba kuwa waya wa shaba, au swichi ya kampuni iliyokodishwa, poti ya Handeni itaendelea kuwaka taa ya kijani kwa sababu inaona kifaa kilicho jirani yake chumbani, ilhali mawimbi yamekatika huko kati ya minara. Swichi itaendelea kumwamini jirani asiyekuwapo, na njia ya akiba, iliyolipiwa kila mwezi kwa ajili ya saa hiyo hiyo, haitaitwa. Na hata pale upande mmoja unapohama, upande wa pili usipohama nao, mazungumzo yataenda kwa barabara moja na kurudi kwa nyingine, jambo ambalo ukuta wa ulinzi unaokumbuka nani alianza kusema hulikataa.

Hili ndilo pingamizi kubwa kuliko yote dhidi ya njia tuli, na majibu yake ni mawili. La kwanza ni kuipa njia tuli macho. Katika vifaa vya MikroTik, ambavyo hupendwa kwa urahisi wa bei, njia huongezewa agizo la “check-gateway=ping”, na kifaa humwuliza jirani hali kila baada ya sekunde 10, akikosa kujibu mara mbili njia yake huhesabiwa kuwa imekufa; katika Cisco yako maagizo ya kuchunguza na kufuatilia yanayofanya kazi hiyo, ingawa si kila swichi ya bei nafuu inayo. La pili ni kuacha njia tuli na kushika itifaki, ambayo kwa OSPF maana yake ni kwamba majirani husalimiana kila sekunde 10, na asiyesikika kwa sekunde 40 hutolewa katika hesabu, pande zote mbili kwa pamoja.

Wako wasemao kwamba itifaki ni maendeleo na njia tuli ni ujima, na kwamba fundi hodari huanza na OSPF hata kwa swichi mbili. Historia haikubaliani nao moja kwa moja. Mtandao wa ARPANET, ulioanza Marekani mwaka 1969 kwa vituo vinne, ulikuwa na njia za kujifunza zenyewe tangu siku zake za kwanza. Na ni mtandao huo huo ambao tarehe 27 Oktoba 1980 ulilala chini kwa saa kadhaa, kwa sababu ujumbe ulioharibika wa hali ya kituo kimoja ulisambazwa na vituo vyote kwa uaminifu ule ule ambao vingesambaza ujumbe wa kweli. Njia tuli haisambazi kosa la jirani. Haimwamini mgeni anayechomeka kifaa chake katika poti ya ukumbini na kujitangaza kuwa yeye ndiye njia bora ya kwenda Korogwe. Fauka ya hayo, hubaki ilivyoandikwa, hata mkaguzi akija baada ya miaka mitatu aweza kuisoma na kujua nini kilikusudiwa.

Rai yangu basi hufuata umbo la nchi. Zahanati au shule yenye waya mmoja tu wa kutokea haina cha kujifunza kutoka kwa jirani yeyote: ipewe njia moja ya jumla, upande wa pili upewe mstari mmoja wa kurudia, na fedha ya leseni itiwe katika betri za akiba, ambazo zitawafaa zaidi siku umeme unapokatika. Ofisi kuu ya Handeni yenye njia mbili ni jambo jingine, na hapo njia tuli yafaa kwa sharti kwamba iwe na macho. Isipokuwa nayo, afadhali OSPF. Na Korogwe, maadamu ndiyo njia panda, itaanza kwa njia tuli chache, na siku ofisi za Mombo, Hale na Mnyusi zitakapoungwa kwayo kwa njia zaidi ya moja, wenyewe wataona kwamba mkono wa mtu hautoshi tena. Hakuna njia, tuli wala ya kujifunza, itakayomfaa mtu ikiwa balaa liko mbali kuliko mtandao wake, kama tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ya Tanzania ikadhoofika. Siku ile swichi za ndani zilikuwa zikitimiza wajibu wao barabara.

Limebaki suala la mkono wenyewe uandikao, ambao mara nyingi uko mbali. Fundi aliyeko Dar es Salaam akiingia katika swichi ya Handeni kupitia mtandao na kuandika “ip routing”, swichi huacha papo hapo kulitumia lango lililotajwa kwa amri ya “ip default-gateway”, kwa kuwa lango hilo ni la swichi isiyofanya kazi ya tabaka la tatu. Naye, kama hakutangulia kuandaa njia ya 0.0.0.0, atakuwa amejifungia nje, na ufunguo wake ni safari ya gari. Hadhari iliyopo ni kuandika kwanza “reload in 15”, ili swichi ijiwashe upya baada ya dakika 15 na kurudi katika hali yake ya zamani iwapo mambo yameharibika, kisha kulifuta agizo hilo yakiwa yametengemaa. Na yakishatengemaa yahifadhiwe kwa “copy running-config startup-config”, maana kilichoandikwa bila kuhifadhiwa huondoka na umeme, na umeme ukikatika usiku wa manane asubuhi ofisi huamka na njia za mwaka jana.

Njia ikishahifadhiwa, swichi itaishika kwa muda mrefu kuliko fundi atakavyokaa kituoni hapo, kwa kuwa watumishi huhamishwa. Kwa hiyo kila mstari uandikwe pamoja na jina lake, jambo ambalo Cisco huliruhusu kwa neno “name” mwishoni mwa amri, hata ule wa akiba uitwe AKIBA-MKATA. Na katika daftari la ofisi, lenye nakala Handeni na nakala Korogwe, iandikwe tarehe iliyowekwa njia hiyo, aliyeiweka, jozi yake ya upande wa pili ni ipi, na ni hali gani ikitokea itafaa ifutwe.